Nani Aseme Kijana ni Mzima?

Kiswahili kimelitwika neno moja mizigo mitatu. Mzima ni asiyeumwa. Mzima ni kisichomegwa wala kupungua, kama mkate mzima au usiku mzima. Na mtu mzima ni yule aliyeuvuka utoto, ambaye kauli yake inasikilizwa na makosa yake anayabeba mwenyewe. Anayeulizwa "u mzima?" haambiwi anaulizwa lipi kati ya hayo, na kwa kawaida hana haja ya kuambiwa, kwa kuwa kwa watu wengi mambo hayo huja pamoja: mwili unakua, afya ipo, na siku moja kijana huitwa aketi kwenye mkeka wa wakubwa. Kwa kijana mwenye kisukari cha aina ya kwanza mambo hayo yameachana. Katika umri uleule anaoambiwa kwamba sasa ni mtu mzima, ajidunge sindano mwenyewe na ajihesabie wanga uliomo kwenye sahani yake, anaambiwa pia kwamba yeye si mzima, na kwamba kwa elimu iliyopo leo hatapona.

Madaktari na watafiti wanalo jina la kinachotafutwa kwa ajili yake: ubora wa maisha. Jina hilo lina upungufu wake, kwani ubora ni sifa ya bidhaa pia. Husemwa ubora wa karafuu, ubora wa saruji. Shaaban Robert alipompa mhusika wake jina la Utubora aliuunganisha ubora na utu, kisha akamwachisha kazi ya mjini akamshikisha jembe, kwa hukumu ya mhusika mwenyewe kuhusu maisha yapi yamfaa. Mkazo uko hapo kwenye hukumu. Ni nani mwenye mamlaka ya kuyapima maisha ya kijana mwenye kisukari na kutamka kwamba ni mema au si mema: kliniki yenye tarakimu zake, mtafiti mwenye hojaji, mzazi asiyelala, au kijana mwenyewe ambaye bado hajapewa kauli kamili?

Maradhi yenyewe hayana budi kuelezwa kidogo, kwa sababu jina lake limezaa dhuluma. Kisukari cha aina ya kwanza hakiletwi na sukari. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huzigeukia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini na kuziangamiza. Bila ya insulini sukari hubaki katika damu huku mwili wenyewe ukifa njaa. Aliyepatwa hakukosea lishe, wala mama yake hakumdekeza kwa halua. Lakini miongoni mwa Waswahili, iwe Mombasa, Muscat au Manchester, kisukari kinachojulikana sana ni kile cha aina ya pili, maradhi ya watu wa makamo na wazee, na wageni waingiao nyumbani huwa na lao la kusema: apewe majani ya mlonge, apelekwe akasomewe, aache soda. Kijana wa miaka 13 huyasikia yote hayo akatoka na funzo moja, kwamba amejitakia.

Kabla ya mwaka 1922 swali la ubora wa maisha lisingeulizwa, kwani maisha yenyewe hayakuwapo ya kuulizia. Mtoto aliyepatwa na maradhi haya aliishi miezi, au miaka michache kwa kunyimwa chakula. Mtu wa kwanza kudungwa insulini alikuwa kijana: Leonard Thompson, mwenye miaka 14 na uzito wa kilo 29 hivi, aliyelazwa katika hospitali moja mjini Toronto. Sindano ya tarehe 11 Januari 1922 haikumfaa sana kwa kuwa dawa haikuwa safi. Ile ya tarehe 23, baada ya James Collip kuisafisha, ilimrudisha. Thompson aliishi miaka 13 zaidi, akafa mwaka 1935 kwa homa ya mapafu. Tangu hapo maradhi haya yamekuwa na sura ya pekee katika tiba: dawa ipo, hutumika kila siku hadi mwisho wa maisha, na anayeitoa si daktari. Ni mgonjwa mwenyewe, na mara nyingi mgonjwa huyo ni mtoto.

Kila miezi 3 hivi kijana hupimwa HbA1c, kipimo kinachoonyesha ni kiasi gani cha sukari kimenata kwenye himoglobini ya damu, na kwa hiyo hali ya sukari ilivyokuwa kwa wiki kadhaa zilizopita. Ni kipimo cha kikemia. Ajabu ni lugha inayokizunguka. Tarakimu huitwa nzuri au mbaya. Kijana husemwa amejitahidi au ameharibu. Faili huandikwa kwamba ni mtiifu au si mtiifu. Chumba cha daktari hugeuka chumba cha mtihani, na njia ya kurudi nyumbani garini huwa na kimya cha mtoto aliyeanguka darasani. Hakuna anayeipa tarakimu ya shinikizo la damu ya babu yake uzito wa kimaadili namna hiyo.

Nayo tarakimu hiyo haiko mikononi mwa kijana kwa kiasi kinachodhaniwa. Tangu miaka ya 1980 imejulikana kwamba wakati wa kubalehe mwili huipinga insulini: homoni ya ukuaji huongezeka, na kipimo cha dawa kilichotosha mwaka jana hakitoshi tena. Takwimu za Marekani za miaka ya 2016 hadi 2018, zilizojumuisha maelfu ya watu, zilionyesha wastani wa HbA1c ukipanda kutoka takriban asilimia 8 kwa watoto wa miaka 5 hadi asilimia 9.3 kwa wenye miaka 15 hadi 18, kisha ukirudi takriban 8 kufikia miaka 28. Lengo linalotajwa kliniki ni asilimia 7. Kilima hicho kinaonekana katika kundi zima, si kwa mkaidi mmoja au wawili. Nahodha anayebisha dhidi ya kusi halinganishwi na yule ambaye upepo unamsukuma kwa nyuma, na bado kijana wa miaka 15 hulinganishwa na nafsi yake ya miaka 9, alipokuwa, kwa maneno ya mama, "mtoto mzuri asiye na shida".

Isidhaniwe kwamba tarakimu ni upuuzi. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada, uliomalizika mwaka 1993 na kuhusisha watu 1,441 wa miaka 13 hadi 39, ulithibitisha kwamba kuidhibiti sukari kwa ukaribu huyalinda macho, figo na neva. Ulithibitisha pia kwamba bei yake ni kuongezeka mara 3 kwa matukio ya sukari kushuka vibaya. Wapo vijana wanaoruka sindano kwa uvivu, wapo wanaoziruka kwa aibu, na wapo, hasa wasichana, wanaoziruka kwa makusudi ili wapungue mwili, na hao wamo katika hatari kubwa. Kulaumu hakusaidii hata mmoja wao, lakini kusema kwamba hakuna kosa popote ni namna nyingine ya kumfanya kijana kuwa mtoto. Anayestahili kuwajibishwa ni mtu, na asiyewajibishwa kamwe hajahesabiwa kuwa mtu mzima. Ugumu uko katika kujua ni sehemu gani ya tarakimu inayomhusu yeye na ipi inahusu upepo.

Watafiti waliliona tatizo hilo, wakatunga hojaji. Katika utafiti huohuo wa Marekani na Kanada yalitumika maswali ya kupima ubora wa maisha, yakaja kurekebishwa kwa ajili ya vijana. Baadaye ikaja hojaji nyingine yenye nakala mbili, ya mtoto na ya mzazi. Kijana huulizwa ni mara ngapi huona haya kujidunga mbele za watu, ni mara ngapi wazazi humsumbua, anaridhika vipi na maisha yake. Si haba. Ni hatua kubwa kutoka zama ambapo mgonjwa aliulizwa mkojo wake tu. Nakala hizo mbili zimefichua jambo ambalo lingetosha kuwa somo peke yake: mara nyingi mzazi huyaona maisha ya mtoto kuwa mabaya kuliko mtoto mwenyewe anavyoyaona.

Ni nani wa kuaminiwa hapo? Wanafalsafa wameonya kwamba mtu hujifunza kukitaka kile tu kinachopatikana. Amartya Sen aliijenga sehemu ya hoja yake juu ya hilo: aliyezoea dhiki huacha kuitaja, na ridhaa yake haiwezi kuwa ushahidi kwamba hana dhiki. Waswahili walilisema zamani kwa mdomo wa sungura: sizitaki mbichi hizi. Kijana anayesema hapendi kabisa kulala kwa marafiki huenda ni sungura aliye chini ya mzabibu. Lakini hoja hiyo ikiachiwa itambae inakuwa udhalimu wa aina yake, kwani kila furaha ya mgonjwa itageuzwa kuwa dalili ya kujidanganya, na mwenye afya ndiye atakayebaki kuwa shahidi pekee wa maisha asiyoyaishi. Mzazi anayapima maisha ya mwanawe kwa yale aliyoyatazamia siku alipozaliwa. Kijana aliyepatwa akiwa na miaka 4 hakuyaona matazamio hayo. Anayaona maisha aliyo nayo, yenye sindano ndani yake kama vile maisha ya mwenzake yana miwani.

Hadi miaka michache iliyopita kijana alijichoma kidole mara kadhaa kwa siku ili aijue sukari yake, na kati ya vidole hivyo kulikuwa na saa za giza ambazo hakuna aliyejua kitu. Leo kihisi kidogo kinachobandikwa mkononi au tumboni kinaweza kutoa kipimo kila baada ya dakika 5, yaani vipimo 288 kwa siku, na kuvipeleka kwenye simu. Mwaka 2013 wazazi kadhaa nchini Marekani, waliochoka kuvisubiri viwanda, walitunga programu zao wenyewe ili waione sukari ya mtoto akiwa shuleni. Mradi huo uliitwa Nightscout, na viwanda vikafuata nyuma. Uingereza ilipendekeza rasmi mwaka 2022 kwamba wenye kisukari cha aina ya kwanza wapatiwe vihisi. Giza lile limeondoka.

Hakuna haki ya kuudhihaki uangalizi huo. Sukari ikishuka mno usingizini kijana anaweza kupata degedege, na wapo wasioamka. Mama anayeamka saa 9 usiku kutazama simu hafanyi upelelezi. Anahesabu pumzi kama alivyozihesabu za mtoto mchanga. Tatizo ni kwamba anayehesabiwa si mtoto mchanga tena. Kijana anakula mandazi mawili na wenzake baada ya masomo, na kabla hajameza ujumbe umefika: umekula nini? Simu ya mama imejua kabla yeye mwenyewe hajaamua kama atasema. Hapo kilichoondoka pamoja na giza ni nafasi ya kusema kweli kwa hiari. Ukweli usioweza kufichwa hauhitaji mwaminifu, na kijana asiyepata nafasi ya kuwa mwaminifu hatajulikana kwa wazazi wake kuwa ni mwaminifu. Ndiyo maana wengine hukizima kifaa au kukibandua, na kitendo hicho kikaandikwa kwenye faili kuwa ni utovu wa utiifu.

Katika familia zilizohama kuna jambo la ziada. Mara nyingi kijana mwenyewe ndiye anayekijua Kiingereza vizuri kuliko mama, na hata mkalimani wa hospitali anapopatikana, barua, simu za muuguzi na maelezo ya kifaa humwangukia yeye. Anamtafsiria mama habari za mwili wake mwenyewe, na anajua lipi la kuacha. Ni mtoto anayechungwa na wakati huohuo ni mlango pekee wa mchungaji wake. Uwezo huo ni wa mtu mzima, lakini hakukabidhiwa na mtu, ameuokota tu.

Neno kukabidhi lina uzito hapa, kwa kuwa Waswahili wa pwani walikuwa na utaratibu wa kukabidhi. Binti alipovunja ungo hakufundwa na mama aliyemzaa. Alipewa somo, mwanamke wa makamo mwenye siri, aliyemweleza habari za mwili wake, usafi wake, hatari zake na haki zake, na yaliyosemwa baina yao hayakurudishwa kwa mama. Mvulana naye alikuwa na walimu wake wa jandoni. Mengi katika mafunzo hayo yanastahili kukosolewa, na yamekosolewa. Lakini waliyoyaanzisha walielewa kwamba mapenzi ya mzazi yamejaa hofu mno kuweza kufundisha hatari, na kwamba kijana hahitaji kuachwa peke yake wala kutazamwa na aliyemzaa. Anahitaji mtu wa tatu anayejua mambo na anayenyamaza. Miongozo ya kimataifa ya kisukari cha watoto imefikia jirani na hapo kwa njia yake: inataka kijana apewe muda wa kuzungumza na mtaalamu wazazi wakiwa nje, na inaonya vilevile dhidi ya kumtwisha jukumu lote mapema, kwani wanaoachiwa mapema sukari yao huharibika. Muuguzi mzuri wa kliniki ya vijana ni somo asiyejua kwamba anaitwa hivyo. Kijana aliyeruka sindano kwa wiki 2 atamwambia yeye, ikiwa ana hakika kwamba mama hatayapata maneno hayo garini.

Hapo linaingia suala la siri, nalo ni gumu kuliko linavyoonekana kliniki. Methali inasema mficha maradhi kifo humuumbua. Wauguzi wa Kiswahili huipenda, na mara nyingi ina kweli. Hata hivyo maadili ya pwani yana neno jingine, stara, ambalo halimaanishi uongo. Mtu husitiri mwili wake, umaskini wake, aibu ya jirani yake. Na anayemsitiri mwenzake anasifiwa. Je, kijana asiyetaka darasa zima lijue kuwa ana kisukari anaficha au anasitiri?

Yupo mtu ambaye maisha yake yanalijibu swali hilo kwa namna isiyotazamiwa. Elizabeth Hughes, binti wa Charles Evans Hughes aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alifikishwa Toronto Agosti 1922 akikaribia miaka 15, na uzito wake ulikuwa kilo 20 hivi. Alikuwa ameishi miaka 3 kwa mlo wa njaa. Barua alizomwandikia mama yake kutoka huko, zilizohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Toronto, zimejaa furaha ya chakula. Alirudi kwao, akasoma, akaolewa, akazaa watoto 3, akafa mwaka 1981 baada ya sindano zinazokadiriwa kufika 42,000. Na karibu maisha yote hayo hakuwaambia watu. Mwanahistoria Michael Bliss alipomtafuta mnamo mwaka 1980 ilikuwa kama kumpata mtu aliyefutwa. Methali haikumpata. Alificha miaka karibu 60, na kifo hakikumuumbua, kwa sababu hakuyaficha maradhi mbele ya sindano. Aliyaficha mbele ya macho. Alikataa kuwa mtoto wa muujiza maisha yake yote.

Kwa hiyo kuna kuficha na kuna kusitiri, na mpaka wake haupo katika idadi ya watu wanaojua. Upo katika kama siri inaiacha dawa ipite. Kijana anayetoka ukumbini kwenda kujidunga faraghani amejisitiri. Anayeahirisha sindano mpaka jioni kwa sababu choo cha shule ni kichafu na hakuna mahali pengine ameanza kuficha, na kosa la kwanza katika hilo ni la waliojenga shule isiyo na mahali. Familia nazo zina hesabu zao. Binti mwenye kisukari anapofikia umri wa kuposwa, wako jamaa wanaomwambia anyamaze, kwa jina la stara. Ifahamike kwamba stara hiyo si yake. Ni ya ukoo unaohofia soko la ndoa, na gharama yake ataibeba yeye usiku wa kwanza ambapo sukari itashuka mbele ya mume asiyejua amtilie nini mdomoni.

Kisha kuna Ramadhani, ambapo nyuzi zote hizi hufungamana. Sheria ya Kiislamu humwajibisha mtu anapobalehe. Kiswahili kililichukua neno la Kiarabu la uwajibikaji huo, taklifu, kikalipa maana ya usumbufu, jambo ambalo mwenye kisukari anaweza kulitafakari kwa tabasamu. Basi katika miezi ileile ambayo mwili unaanza kuipinga insulini, kijana anaambiwa sasa swaumu yake inahesabiwa, na palepale anaambiwa asifunge. Ruhusa ya mgonjwa iko wazi katika Kurani na hakuna mwanachuoni anayeikana. Lakini ruhusa si kitu chepesi kukipokea katika umri huo. Wadogo zake wanafunga nusu siku wakashangiliwa. Yeye anakula jikoni mlango umefungwa, na wenzake wakigundua watamwita kobe. Mzee aliyesamehewa swaumu kwa uzee amekwisha funga Ramadhani hamsini. Kijana anasamehewa kabla hajaingia.

Haishangazi basi kwamba watu hufunga. Utafiti uliofanywa katika nchi 13 na kuchapishwa mwaka 2004 ulikuta kwamba takriban asilimia 43 ya wenye kisukari cha aina ya kwanza walifunga angalau siku 15 za mwezi huo, na kwamba matukio ya sukari kushuka vibaya yaliongezeka karibu mara 5. Mahali nako kuna uzito. Mwezi ulipoangukia Juni mwaka 2016, swaumu ya London ilipita saa 18, ilhali Zanzibar haikufika hata 14. Madaktari wengi wa Ulaya walijibu kwa neno moja, usifunge, na wengi walioambiwa hivyo walifunga bila ya kumwambia daktari tena. Mwongozo uliotolewa mwaka 2021 na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari pamoja na muungano wa wataalamu wa kisukari na Ramadhani ulichukua njia nyingine. Unamweka mwenye aina ya kwanza katika kundi la hatari, unamshauri asifunge ikiwa hatari ni kubwa, lakini kwa anayekusudia kufunga unaeleza namna: apime mara kwa mara, kwani kujichoma kidole hakuvunji swaumu, na afungue papo hapo sukari ikishuka chini ya miligramu 70 kwa desilita au ikizidi 300.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuihalalisha hatari. Hoja yao ina nguvu, hasa kwa mtoto wa miaka 12. Ila kinachopimwa hapa hakiwezi kupimwa kwa kihisi. Kijana wa miaka 16 aliyekaa na shekhe na muuguzi, akaelewa, akajaribu siku 3 akiangaliwa, na siku ya 3 saa 8 mchana akafungua mwenyewe kwa maji na tende kwa sababu tarakimu ilifika 68, ametenda tendo la mtu mzima mara mbili: alipofunga na alipofungua. Yule aliyekatazwa tu amebaki na utiifu, na mwakani hatauliza.

Yote yaliyosemwa hadi hapa yanachukulia kwamba insulini ipo kwenye jokofu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalisema mtoto wa miaka 10 aliyegunduliwa na kisukari cha aina ya kwanza mwaka 2021 katika nchi tajiri alitarajiwa kuishi miaka 65 zaidi kwa wastani. Katika nchi maskini kabisa, miaka 13. Ndiyo ileile miaka 13 ya Leonard Thompson, aliyetibiwa kwa dawa ya majaribio karne moja nyuma. Hataza ya insulini iliuzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kwa kila mgunduzi aliyetajwa, na karne nzima baadaye dawa hiyo bado haijafika. Wengi wa watoto hao hawafi kwa kukosa nidhamu ya kuhesabu wanga. Hufa kabla ya kugunduliwa, wakitibiwa malaria.

Wasomaji walio ughaibuni wanaijua sura nyingine ya pengo hilo, kwa kuwa mizigo yao ya kwenda nyumbani hubeba vijiti vya kupimia sukari. Binamu wawili wa umri mmoja, mmoja Leicester na mmoja Tanga: wa kwanza ana vipimo 288 kwa siku na hana dakika isiyotazamwa, wa pili anavigawa vijiti vyake, kimoja asubuhi, kingine akijisikia vibaya, na hakuna anayemtazama kwa kuwa hakuna cha kutazama. Kumwambia wa pili kwamba ana uhuru ambao mwenzake anautamani ni kejeli. Lakini pia si kweli kwamba swali la kuwa mtu mzima ni anasa ya wenye vihisi, litakalosubiri mpaka dawa ifike kwanza. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mashariki mwa Kenya, familia hazina majokofu, na kanuni ilisema insulini ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Kwa hiyo wenye kisukari walilazimika kwenda hospitali kila siku, wengine mara mbili kwa siku, ili wadungwe na muuguzi. Madaktari Wasio na Mipaka wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva waliipima upya dawa hiyo katika joto la kambi lenyewe, kati ya nyuzi 25 na 37, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba chupa iliyofunguliwa hudumu kwa wiki 4 bila ya kupoteza nguvu yake. Dawa haikubadilika hata tone. Kilichobadilika ni kwamba wagonjwa walifundishwa, wakapewa sindano, wakakabidhiwa chupa zao, wakaenda nazo nyumbani.